Kamera Isiyo na Kioo

Kamera niliyonunua Desemba 2003 ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote dukani, na niliichagua kwa sababu hiyo hiyo. Mume wangu mpaka leo anaamini nilidanganywa na muuzaji. Sikudanganywa na mtu. Nilisimama mbele ya kaunta na akili zangu timamu, nikamwambia Geofrey, mwenye duka, kwamba nataka ile ya bluu.

Tulikwenda watatu: mimi, Agustino mume wangu, na binti yetu Rehema, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Agustino alikuwa amepata likizo kiwandani, ya kwanza tangu kiwanda kibinafsishwe na wenye mali wapya waanze kuwapimia watu hata muda wa kwenda chooni. Tulipanga Krismasi na Mwaka Mpya tukae kwa mama yake huko juu milimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mkuyuni, gari linapoishia. Dada yake, Magdalena, angetoka Dar es Salaam na wanawe kuja kukaa nasi. Agustino akasema safari hii twende na kamera yetu wenyewe, tena hizi za kisasa za dijitali.

Geofrey alituwekea mbili juu ya kaunta. Akaanza na ile ya rangi ya fedha.

"Mama Rehema, kamera ni hii. Ukipiga, picha unaiona hapo hapo kwenye kioo cha nyuma. Mtu kafumba macho? Unafuta, unarudia."

Rehema alishaishika, anajipiga mwenyewe na kucheka.

"Na hiyo ya bluu?" nikauliza.

"Hiyo ya kubangaiza. Haina kioo. Ina kidirisha cha namba tu, kinakuhesabia picha mpaka ishirini na sita. Kuziona, mpaka uende kwenye maduka ya intaneti wakuhamishie kwenye kompyuta."

"Kwa hiyo ukishampiga mtu, hawezi kujua kama ametoka?"

"Hawezi. Hata wewe mwenyewe hujui."

"Nifungie hiyo."

Rehema akanuna pale pale. Agustino akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba uwezo wa kununua ile nzuri upo, nisijibane. Nikamjibu kwamba vitu vyenye vioo havifai kupanda navyo milima. Geofrey naye, kwa uungwana wake, akanipa tahadhari ya mwisho.

"Mama, usije ukanilaumu. Hii haina kadi ya kuhifadhia. Picha zinakaa humo ndani kwa nguvu ya betri. Betri zikifa kabla hujazihamisha, na picha zimekwenda."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia, ila mawazo yangu yote yalikuwa kwa Magdalena.

Mama yangu mzazi, Yuliana, alilima mboga milimani maisha yake yote na hakuwahi kupigwa picha hata moja. Nilipofunga ndoa mwaka 1991, nilimnunulia kitenge cha kijani chenye ndege weupe. Kwenye ukoo wa Agustino mwenye kamera alikuwa Magdalena peke yake, Yashica aliyoletewa na mchumba wake kutoka Dubai, na siku ile aliringa nayo kuliko mimi bibi harusi. Baada ya misa mama aliwekewa kiti nje ya kanisa. Akabana miguu, akaweka mikono magotini, akaacha hata kupepesa macho. Magdalena akainama, taa ikawaka.

"Tayari, mama. Umependeza."

Tangu siku hiyo, kila mama alipokutana na Magdalena, kwenye ubatizo, kwenye msiba, popote, alikuwa na swali moja. "Mwanangu, picha imetoka?" Na Magdalena alikuwa na jibu moja. "Inasafishwa, mama. Vuta subira." Miaka sita aliuliza. Mwaka 1997 mama alifariki, na juu ya jeneza lake hatukuwa na picha ya kuweka. Kwa vile mimi nasahau sura haraka, siku hizi nikitaka kumkumbuka naanza na ndege wa kile kitenge, kisha nasubiri uso uje. Mara nyingi hauji.

Miaka mitatu baadaye tulikuwa kwenye sherehe ya kumfunda binti mmoja wa jirani, hapo hapo mtaani kwetu Kilakala, Morogoro. Magdalena alikuwa amekaa na wenzake wa Dar, soda mkononi, anasimulia.

"Filamu ilishakwisha tangu kanisani! Ningefanyaje, na kila mtu anataka picha? Nikawa nawapiga hewa, nawasha taa tu. Sasa kuna bibi mmoja wa mlimani, jamani, alivyojikausha kwenye kile kiti! Mpaka kesho yake nadhani alikuwa hajapumua!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma yao na sinia la vitumbua. Hakukumbuka yule bibi alikuwa nani. Nilimchukia kwa kumdanganya mama yangu, lakini kwa kumsahau nilimchukia zaidi. Nikapita mbele, nikamkaribisha kitumbua, akala. Moyoni nikamwambia, kula tu, wifi yangu, dawa yako iko jikoni.

Sasa mnaelewa kwa nini sikutaka kamera yenye kioo. Ile ya fedha ingesema ukweli hapo hapo. Mimi nilitaka Magdalena ajipambe, akae, atabasamu, asubiri. Nimpige picha zote huku kidole gumba changu kimeziba lenzi. Kisha nirudi Morogoro nikazisafishe kwenye karatasi nzuri ya kung'aa, nyeusi tupu zote, nizitie kwenye bahasha na kumpelekea kwa mikono yangu. "Picha zako zimetoka, wifi." Maneno hayo niliyafanyia mazoezi nikiwa kwenye cherehani yangu, mpaka mteja mmoja akaniuliza naongea na nani.

Na Magdalena, Mungu ampe nini, alijileta mwenyewe. Asubuhi ya Krismasi alitoka na gauni la zambarau, saa tano akabadilisha, alasiri akabadilisha tena. "Wifi, nipige hapa kwenye migomba. Wifi, nipige na mlima uonekane." Mimi naitika, "Sogea kushoto kidogo, wifi. Nyanyua kidevu." Kidole gumba mahali pake. Kamera inalia pii, namba inapanda. Alipouliza kama ametoka vizuri, nilimwambia hii haina kioo, mpaka tufike mjini. Akanitazama kidogo, akacheka, akaenda zake. Nilimpiga picha tisa nyeusi. Sijawahi kula wali wa Krismasi mtamu kama wa siku ile.

Kesho yake alikuja mgeni ambaye sikumtarajia. Mama mdogo Leokadia, mdogo wake mama yangu, alikuwa amesikia nipo, akavuka mabonde mawili kuja kuniona, na alikuwa amepita miaka sabini. Nilikuwa nachambua mchele nilipomwona anapanda kijia, na ungo ukanitoka mikononi. Alivaa kitenge cha kijani chenye ndege weupe. Zilipogawiwa nguo za marehemu mimi nilikuwa nalia ndani, sikujua nani kapewa kipi. Alikuwa amekiweka sandukuni miaka yote ile, akakitoa kwa ajili yangu. Uso nao, kwa uzee ule, ulikuwa umeshafanana na wa mama kila kitu, hata mkunjo wa mdomo.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikasahau kuongeza "mdogo".

Nikamwekea kiti. Sikumwambia lolote, lakini akabana miguu na kuweka mikono magotini. Nikatoa kidole kwenye lenzi, nikaifuta kwa pindo la kanga, nikampiga picha saba. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani ananiona.

"Wifi," ilikuwa sauti ya Magdalena, nyuma yangu. Alikuwa ameshika ile Yashica yake ya zamani. Sikujua hata kama amekuja nayo. "Kaa na mama yako mdogo niwapige wote wawili. Wewe mpiga picha hutatokea hata moja."

Nikasita. Mama mdogo akanishika mkono, akanivuta. Nikachuchumaa pembeni ya kiti. Magdalena akainama, taa ikawaka.

"Tayari," akasema. "Mmependeza."

Siku ya kushuka mlimani, mvua iliharibu kila kitu. Tulifika Mkuyuni tumelowa, na barabara ya kurudi mjini ilikuwa imekatika, gari haliendi wala halirudi. Tukalala pale siku mbili kwa shemeji mmoja wa Agustino. Siku ya pili niliitoa kamera kwenye mfuko wa nailoni niitazame, na kidirisha cha namba kilikuwa kimefifia. Nikakimbia soko zima kutafuta betri. Zilikuwapo za tochi, zilikuwapo za redio. Zile ndogo, nyembamba kama kidole cha mtoto, hakuna aliyekuwa nazo. Muuza duka mmoja alitoa za redio yake, tukajaribu kuzilazimisha, hazikuingia. Nikamshika Agustino mkono nikamwambia tutembee kwa miguu mpaka mjini. Alinitazama kama mgonjwa.

"Kwa picha za Magdalena?" akaniuliza.

Jioni kidirisha kilizimika.

Tulipofika Morogoro nilikwenda moja kwa moja kwa Geofrey na matope yangu miguuni. Akatia betri mpya. Kidirisha kikawaka, safi kabisa, kikaonyesha sifuri mbili. Geofrey hakusema "nilikwambia". Alinivutia kiti tu. Tisa nyeusi zilikuwa zimekwenda, na saba za mama mdogo zimekwenda nazo. Na ile ya fedha bado ilikuwa kabatini, inanitazama.

Nikajipa moyo kwamba Pasaka nitapanda tena. Nikanunua ile ya fedha bila kumwuliza mtu. Mwezi wa pili zikaja habari kwamba mama mdogo Leokadia ameamka hajisikii vizuri na kufikia mchana hayupo. Nilipofika walikuwa wameshamvisha. Walimzika na kile kitenge.

Kwa hiyo duniani ilibaki picha moja, na ilikuwa ndani ya Yashica ya Magdalena.

Nilikaa na wazo hilo wiki nzima. Nilijaribu kutafuta njia nyingine na hakukuwa na nyingine. Pasaka Magdalena alikuja Morogoro, akafikia kwetu. Nikampikia pilau. Nikamtandikia shuka jipya. Nikamnawisha mikono, mimi niliyeapa kumlisha giza kwenye bahasha. Alipomaliza kula nikakaa karibu yake, na sauti iliyonitoka haikuwa yangu, ilikuwa ya mama.

"Wifi, ile picha imetoka?"

Magdalena alinyanyua mkono wake wa kulia, akakitazama kidole gumba, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua kucha. Kisha akakisogeza taratibu mpaka usoni kwangu, akanizibia jicho moja.

"Mara tisa, wifi," akasema. "Nilihesabu. Nikawa najiuliza, huyu mwanamke nimemkosea nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Kiti nje ya kanisa, miaka sita, jeneza. Yote yalinijaa kinywani. Lakini nilifikiri, nikimwambia atajua picha ile ina uzito gani kwangu, na akishajua, nitakuwa mikononi mwake milele. Nikanyamaza. Akaondoa kidole.

"Inasafishwa," akasema. "Vuta subira."

Agustino aliyekuwa mlangoni alidhani tunataniana, akacheka. Rehema alikuwa anapiga picha sahani kwa kamera mpya.

Sijui kama mlikuwa na filamu ndani ya ile Yashica. Taa niliiona ikiwaka, lakini na ya mwaka 1991 niliiona. Huenda anayo mezani kwake, kaiweka kwenye fremu. Huenda siku ile alikuwa anawasha taa tu, anipige hewa mimi na damu yangu kwa mara ya pili. Bado namchukia, tena sana, na nimeshatafuta njia nyingine tatu za kumkomoa. Zote nimezizuia. Akija, nampikia. Akiondoka, namsindikiza mpaka stendi na mfuko wake nambebea. Na kabla basi halijaondoka nasogea dirishani, namwuliza kama picha imetoka. Najua anavyofurahi kuulizwa. Namwuliza hivyo hivyo.