Kuosha Mabati

"Rudisha hiyo paipu kwa tangi."

"Bado, mama. Hiyo ya kwanza ni uchafu."

"Uchafu gani? Hiyo ni mvua."

"Ni mavi ya kunguru na vumbi ya miezi saba. Ukikunywa utaharisha."

Mama yangu, Nakiru, amesimama kwa mvua nje ya nyumba yetu hapa Lodwar, nguo imelowa imemshika mwili, anaangalia maji ikitoka kwa paipu ikiingia mchangani. Mimi ndiye nimeshika hiyo paipu, mbali na tangi.

Hayo mambo nilisomea Kakuma. Shule niliacha darasa la sita, lakini hiyo kozi ya wiki mbili ya kuvuna maji nilimaliza. Mwalimu, Mutua, mtu wa Kitui, alituambia mvua ikianza uiachie dakika ishirini ioshe mabati kwanza, ndio uelekeze paipu kwa tangi. Nikarudi nyumbani, nikafunga gata za kukinga maji pande zote mbili za paa, nikakalisha tangi juu ya mawe. Nikamwambia mama goti lake bovu sasa litapumzika, mambo ya kuchimba maji kwa laga, ule mto mkavu, imeisha. Aliniamini. Hata akapanda kunde nyuma ya nyumba.

Sasa akaniambia amezaliwa hapa, amezeeka hapa, na hajawahi kuona mvua inangoja mtu. Nikamwambia hiyo ni kwa sababu hajasoma. Nilisema hivyo, sitaficha. Mimi wa darasa la sita.

Jirani yetu Wanjugu, yule wa duka, alikuwa amepanga mabeseni na sufuria chini ya paa lake kama anaziuza. Akaniuliza kama naogesha nyumba, ati sabuni anayo.

Nikaangalia simu. Dakika kumi na mbili. Maji imeanza kuwa safi, lakini mwalimu alisema ishirini, nikakaa na ishirini yangu. Ya kumi na nne, mvua ikapungua. Nikachomeka paipu kwa tangi mbio, mikono inateleza. Tukasikia matone yakigonga chini, to, to, to, halafu kimya. Jua likatoka. Mabati ikaanza kutoa mvuke.

Nikapanda jiwe nikachungulia ndani ya tangi. Maji haifiki hata nusu ya kidole.

"Itanyesha tena," nikamwambia.

"Lini?"

Nilitaka aniite mjinga, nimjibu, tumalize. Hakuniita. Aliingia ndani akatoka na mtungi wa lita ishirini na bakuli ya kuchotea. Nikanyoosha mkono nichukue mtungi, niende mimi. Akausogeza upande ule mwingine.

"Hujui pa kuchimba," akasema.

Akageuka, akashika njia ya laga, goti likimvuta upande mmoja.