Aliyekunja Asimame Chini

Kabla bango la buluu halijapandishwa mlangoni, Spika alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba dada yake ana bahati ya kuwa na mdogo kama yeye.

“Yule ni mwanajeshi,” aliwaambia vinyozi, wauza matunda na kila mwenye masikio mawili. “Wanajeshi wanajua kupokea amri na kupiga saluti. Biashara ni kitu kingine kabisa. Nipeni wiki moja tu, nitamnyoosha. Na kukunja nguo ndiyo msiniulize. Mimi nguo nakunja huku nasinzia.”

Maneno hayo ya mwisho hayakufika hata saa ya chai siku ya ufunguzi.

Spika si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na majirani, kwa kuwa mdomo wake ulikuja na swichi ya kuwashia, ile ya kuzimia fundi alisahau kuiweka. Dada yake alikuwa kinyume chake: sajini mstaafu, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyemaliza ujana wake katika chumba chenye meza ndefu akikunja parachuti za askari wanaoruka kutoka kwenye ndege. Alipostaafu, wenzake wengine walinunua mashamba, wengine wakanunua viti vya kuegemea. Yeye alikimwaga kiinua mgongo chake chote kwenye tawi la kampuni ya udobi. Mpango wenyewe ni huu: kampuni inakupa jina lake, rangi yake, mashine zake na masharti yake, wewe unatoa mtaji na usingizi. Ukiyashika masharti, tawi ni lako. Ukiyavunja, mkaguzi anakuja na ngazi, anashusha bango, nawe unabaki na chumba kinachonukia sabuni.

Basi siku hiyo ya kwanza Spika alikunja suruali ya mteja, akaipiga kofi la mahaba, akaiweka kaunta. Dada yake akaitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu.

“Ungeruka nayo?”

“Nini?”

“Hii uliyoikunja. Ungeruka nayo?”

“Dada, hii ni suruali.”

Sajini akaishika kiunoni, akainyanyua, akaitikisa mara moja. Mguu mmoja ukaanguka huku, mwingine kule, na mfuko ukatoa ulimi. Akaitandaza mezani, akapitisha viganja viwili juu yake, na ile suruali ikajikunja kana kwamba imekumbuka ilikotoka. Akaitikisa tena kwa nguvu. Haikufunguka hata pindo.

Spika alitaka kusema kitu. Kwa bahati mteja aliingia.

Maelezo aliyapata kwa Koplo. Huyu alikuwa askari mwenzake Sajini wa zamani, mnene kidogo siku hizi, mwenye tawi la kampuni ya matairi ng'ambo ya barabara; ndiye aliyemshawishi Sajini aingie kwenye mambo haya ya kufanya kazi chini ya bango la watu. Alikuwa amekaa juu ya tairi la lori, anakula chungwa.

“Kule kwetu kulikuwa na desturi,” alisema. “Afisa anaingia chumba cha kukunjia saa yoyote anayotaka. Ananyoosha kidole: wewe, chukua mwavuli mmoja ulioukunja, vaa, ndege inangoja. Hakuna cha kuomba ngoja niukague kwanza. Anayekunja ni lazima awe tayari kuruka na alichokikunja.”

“Na Dada aliwahi kunyooshewa kidole?”

“Mara nyingi tu. Alikuwa anachukua ulio karibu na mlango, kama wewe unavyochukua mwavuli wa mvua.”

Spika akacheka. Koplo hakucheka.

“Mimi nimeruka na kazi ya mikono ile miaka nenda miaka rudi,” alisema. “Unatoka mlangoni, unaanguka. Halafu kuna kimya, kabla mwavuli haujafunguka. Kifupi, lakini ndani yake kuna nafasi ya kuwakumbuka ndugu zako wote na madeni yao. Hapo ndipo unapomjua aliyekukunjia. Wenzangu walikuwa wanaomba dua. Mimi nilikuwa najisemea, huu ni wa Sajini, kisha natazama mandhari.”

Jioni hiyo Spika aliitazama mikono ya dada yake ikifanya kazi. Mikono ileile iliyokuwa ikimvuta masikio utotoni. Akahesabu kimoyomoyo watu waliokabidhi roho zao kwenye vidole vile, akashindwa, akaenda kuzima mashine.

Sasa, ubaya wa mkono uliozoea mambo ya angani ni kwamba hausahau. Nyumba ya wageni ya jirani ilileta maduveti yake, yale mablanketi manene yaliyojaa sufi, na Sajini akayakunja alivyojua yeye. Duveti la vitanda viwili likawa dogo kama mkate, limefungwa kwa kamba moja nyembamba. Lilipendeza mno. Tatizo ni kwamba mwavuli hukunjwa ili ufunguke wote kwa mpigo, na duveti halikuwa na habari kwamba liko ardhini.

Mama mwenye nyumba ya wageni alivuta kamba pale mapokezi, wageni wake wakinywa chai. Alikuja dukani akiwa bado na majani ya chai begani.

“Sajini, mwanangu,” alisema, “mimi nilileta duveti lifuliwe. Sikuomba linirukie.”

“Samahani sana, Mama.”

“Birika limekwenda. Kuna mgeni wangu, mtu mzima na heshima zake, tumemtoa chini ya meza kwa kumbembeleza.”

Spika alijificha nyuma ya mashine ya kukaushia, anacheka mpaka mbavu zinauma. Hakujua kwamba Mama alikuwa ameshapiga simu makao makuu.

Mkaguzi alifika kesho yake: mtu mwembamba, tai ya buluu, sauti ya upole. Ile sauti ya upole ndiyo iliyomkata Spika kicheko. Mtu anayefoka unaweza kumjibu. Alimkuta Sajini amesimama mbele ya rundo la kitambaa cheupe linalofika kiunoni. Lilikuwa pazia la nyuma ya jukwaa la ukumbi mkuu, refu kuliko nyumba, linalotakiwa kutundikwa kwa ajili ya mahafali kesho asubuhi.

“Masharti yanasema mapazia yakunjwe mraba, yatiwe kwenye mfuko wetu,” alisema Mkaguzi.

“Ndiyo, mkuu. Likikunjwa mraba litaonyesha msalaba wa mikunjo mbele za watu. Na likitundikwa wazi litaburuzwa kwenye vumbi la jukwaa kabla halijapanda. Fundi wa jukwaa anasema kila mwaka ni hivyo hivyo.”

“Wewe unatakaje?”

“Nilikunje kwenye bomba lake la kutundikia kulekule ukumbini. Lipande juu likiwa limefungwa. Asubuhi livutwe kamba, lifunguke lenyewe.”

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa. “Kama lile duveti.”

“Kama lile duveti, mkuu. Ila hili mahali pake ni juu.”

“Hilo halimo kwenye masharti.”

“Halimo. Wala halijakatazwa.”

Mkaguzi akavaa tena miwani. Spika alijua kwamba bango, mashine, na miaka yote ya dada yake katika chumba kile chenye meza ndefu vilikuwa vimening'inia hapo, kwenye mdomo wa yule mtu.

“Nitakuja ukumbini,” alisema Mkaguzi. “Likishuka safi, tutazungumza. Likishuka na kunyanzi, au lisiposhuka, ngazi ninayo kwenye gari.”

Mchana ule walilitandaza pazia kwenye meza walizoziunga jukwaani, Sajini upande wa kulia, Spika wa kushoto. Koplo alifunga duka lake akaja kushika ncha. Kazi ilikuwa kupiga pindo juu ya pindo, kwenda na kurudi, kila pindo na upana wake, kisha kufunga kwa nyuzi dhaifu za pamba zitakazokatika moja baada ya nyingine kamba ikivutwa. Spika alikunja. Pia alipokea simu mbili, akamsimulia fundi wa jukwaa habari za duveti, akaigiza na sauti ya mgeni chini ya meza.

Walipokutana katikati, Sajini alitazama upande wa kushoto kwa muda.

“Ungeruka nalo?”

“Ningeruka nalo huku naimba,” alisema Spika.

“Vizuri. Maana kesho aliyekunja atasimama chini yake. Mimi kwangu, wewe kwako.”

Akaenda kunywa maji. Hakuwa amemlaumu, wala hakuligusa pindo lake hata moja. Hilo ndilo lililomkera Spika. Alizunguka meza mara moja, akarudi. Alimwona dada yake kule pembeni anakunywa maji taratibu, amempa mgongo, kama mtu anayetazama mandhari.

Basi Spika akazima simu. Akafungua upande wake wote, tangu pindo la kwanza, akaanza upya. Fundi wa jukwaa alimuuliza jambo, hakujibu. Koplo alimuuliza jambo, hakujibu. Jua la madirishani liliondoka jukwaani likapanda ukutani, na Spika alikuwa bado anapitisha viganja, anasikiliza kitambaa. Maana aligundua kwamba kitambaa kinasema: pindo likikaa sawa hutulia, likikaa vibaya hunong'ona. Hatimaye akamaliza. Sajini alirudi, akatazama, akaitikia kwa kichwa. Wakalipandisha bomba hadi darini.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Wazazi, wahitimu ndani ya majoho, wakubwa safu ya mbele, na miongoni mwao tai ya buluu. Ukuta wa nyuma ya jukwaa ulikuwa mtupu, wenye mabaka, na watu walishaanza kunong'ona kuhusu ukuta huo. Sajini akasimama mwisho wa kulia. Spika akasimama mwisho wa kushoto, wanatazamana jukwaa zima likiwa katikati yao. Juu ya vichwa vyao lile bomba, limenona. Koplo alikuwa ameshika kamba, hatua moja kutoka kwa Spika.

Sajini akainua mkono. Akaushusha. Koplo akavuta.

Hakikutokea kitu.

Ni kile kimya. Koplo alikuwa amekitaja akila chungwa, na Spika alikuwa amecheka. Sasa kilimkuta ana miguu miwili ardhini, na bado alihisi anaanguka. Ndani yake mlikuwa na bango la buluu, na ngazi, na mguu wa suruali unaochungulia.

Kisha uzi wa kwanza ukakatika.

Yaliyofuata Spika huyasimulia hivi. Uzi ulikatika katikati, halafu kulia na kushoto kwa pamoja, tap, tap, tap, kama mvua inayoanza juu ya bati. Pazia likashuka mawimbi kwa mawimbi, maziwa yanayofurika kutoka darini, kila pindo likimkabidhi mwenzake. Lilipita karibu na uso wake, na upepo wake ulikuwa baridi, unanukia pasi na jua. Likafika chini, likasimama upana wa kiganja kutoka sakafuni bila kuigusa. Likavuta pumzi moja. Likatulia. Jeupe, pana, halina mstari, halina kovu. Ungesema ukuta umeondolewa na nyuma yake mmekutwa mchana.

Watu mia kadhaa hawakupiga makofi. Walisahau. Bibi mmoja safu ya tatu alisikika akisema, “Jamani.” Ndipo makofi yakaja, yakaja kama jengo linalobomoka.

Mkaguzi alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Alipanda jukwaani, akapitisha mgongo wa vidole juu ya kitambaa, upande wa kulia, kisha wa kushoto.

“Wapi kiungo?” aliuliza. “Umeishia wapi wewe na akaanzia wapi yeye?”

Sajini akatafuta kwa macho. “Sikioni, mkuu.”

Spika aliposikia hivyo ikabidi ajifanye anafunga kamba ya kiatu.

Bango lilibaki. Mkaguzi aliomba kitu kimoja tu, kwamba maduveti ya Mama yakunjwe kampuni inavyotaka, chai ya watu isimwagike tena. Na matawi mengine yakaanza kuleta mapazia yao.

Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyetoka dukani bila kushushiwa pazia lile. Hata Mama mwenye nyumba ya wageni, aliyefuata maduveti yake kwenye mifuko ya buluu, alilazimika kuegemea kaunta na kusikiliza mwanzo mpaka mwisho, huku foleni ikirefuka nyuma yake.

“Mama, nililitazama likishuka,” Spika alikuwa akisema, mikono juu. “Hatua moja kutoka usoni pangu. Mawimbi, Mama. Maziwa. Sikupepesa hata kope.”

“Kope hukupepesa kweli,” ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Koplo, ameleta ovaroli zake zenye grisi. “Huwezi kupepesa kope ulizozifumba.”

Foleni yote ikageuka.

“Koplo, kaka yangu, wewe ulikuwa unavuta kamba.”

“Nilikuwa navuta kamba, nakutazama wewe. Ulifumba kabla uzi wa kwanza haujakatika. Ulifumbua watu walipopiga makofi. Na ukaniuliza, tena kwa sauti ndogo sijapata kuisikia kwako: ‘Limeshuka?’”

Sajini alikuwa ametoka chumba cha nyuma na rundo la mashuka. Alisimama tu, kama aliyekuwa akilijua hilo siku zote kutoka upande wake wa jukwaa.

“Basi hayo maziwa,” Mama akauliza, “mwanangu, uliyaona wapi?”

Spika akafungua mdomo. Akaufunga. Foleni ikasubiri.

“Nilisikia,” alisema.