Namba ya Mkono wa Dada

Kazi yangu hospitalini ni kugeuza maandishi ya madaktari kuwa namba. Kila ugonjwa una namba yake, na namba ndiyo inayompangia mgonjwa foleni. Daktari asipoandika waziwazi hatukisii. Faili linarudi kwake, na likirudi linalala mezani pake wiki mbili nzima.

Sharti la pili ni kutogusa faili la ndugu yako. Karatasi yenye sharti hilo niliibandika ukutani mimi mwenyewe.

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Amenisomesha kwa mkono ule ule wa kulia ulioanza kufa ganzi, nami nikaona siku ya kulipa fadhila imefika. Nikamwambia nitamsaidia, nikalichomoa faili lake chini ya rundo. Daktari alikuwa ameandika kwamba kuna kubanwa chini ya mfupa wa mtulinga, ule unaotoka shingoni hadi begani, basi. Kama kilichobanwa ni mshipa wa fahamu au wa damu, hakusema. Nikajiambia mafundi wote hulalamika ganzi, nikaweka namba ya fahamu. Haraka haraka haina baraka; tunawaimbia watoto, wenyewe hatusikii.

Namba hiyo ikampeleka kwenye mazoezi ya viungo. Miezi miwili alikuwa akiinua mkono na kuushusha, huku damu ikiganda ndani. Aliponiambia vidole vimekuwa vya baridi, nilimtania kwamba anakwepa mazoezi kama alivyokwepa kuosha vyombo utotoni. Akacheka, akaendelea nayo.

Juzi vidole vikageuka vyeusi. Daktari wa upasuaji alisema angeletwa kwake mapema, mkono ungepona. Sasa unakatwa kesho, juu ya kiwiko.

Nilikwenda wodini kukiri. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno, lakini aliniwahi yeye.

"Usilie, mdogo wangu. Bila wewe hata hayo mazoezi nisingeyapata. Wale niliokuwa nao kwenye benchi, mpaka leo wanasubiri."

Nilijichukia pale pale, na bado sikukiri. Nilimvutia shuka begani, naye akanishika kwa mkono wa kushoto, ambao bado haujajua hata kushika kijiko sawasawa.

"Faili la kesho ulishike wewe," akasema. "Wengine wataniharibia."

Nikamjibu, "Sawa, dada."