Mdomo wa Chui

Kiatu kilipotua, karatasi ilitoa mlio wa kofi. Bibi Ngan, mpiga wabaya kwa malipo, alikuwa ameketi kwenye kistuli chake chini ya daraja la magari, moshi wa udi ukimzonga, na mkononi ameshika kiatu cha kushoto cha Pui-han, chenye soli ya maua. Juu ya tofali alilazwa mtu wa karatasi aliyeandikwa jina kifuani: Lai-kuen.

"Nakupiga mdomo, ukisengenya umeze ulimi! Nakupiga mguu, uendako usifike!"

"Mdomo tena, Bibi," Pui-han alisema. "Huo ndio uliompumbaza kaka yangu."

Hasira yake haikuwa ya jana wala juzi. Tangu mama aanze kusahau majina ya watu, Pui-han ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamkimbiza hadi kwenye lifti alipotoroka na nguo za kulalia. Wifi yake Lai-kuen alikuja kila Jumapili na nyama ya kuoka mkono mmoja, ushauri mkono wa pili. Sasa ushauri ulikuwa umezaa: Jumatatu mama angehamishiwa nyumba ya wazee, ng'ambo ya bandari. Kaka alikubali, maana kaka huyo, kusema kweli, hajawahi kumkatalia mkewe neno. Ndipo Pui-han akaja darajani siku ya radi ya kwanza, wadudu wanapoamka ardhini na watu wabaya wanapopigwa. Foleni ya wanawake ilifika kituo cha tramu, kila mmoja na mbaya wake moyoni.

Mtu wa karatasi alipochanika vipande, Bibi Ngan alitoa chui milia wa karatasi, mweupe, pamoja na kipande cha mafuta ya nguruwe.

"Mpake mdomoni kwa mkono wako, tumchome aende zake. Chui aliyeshiba haumi."

Pui-han aliificha mikono nyuma. "Leo mwezi mwandamo, Bibi. Sigusi nyama. Ni nadhiri yangu, kwa ajili ya afya ya mama."

"Nyama hugusi, lakini wifi yako unampondaponda!"

"Mpake mafuta ya karanga."

"Mwanangu, huyu ni chui, si mtawa."

Wanawake kwenye foleni waliangua kicheko. Pui-han alishikilia lake, akakaza uso. Bibi Ngan alimkunja yule chui na kumsukumia Pui-han kifuani pamoja na kiatu chake.

"Basi mlishe mwenyewe nyumbani. Mimi simchomi na njaa yake. Ila ukumbuke, asipolishwa humgeukia aliyemwita na nyumba yake. Haya, nani anafuata?"

Nyumbani, ghorofa ya tisa, Pui-han alivua viatu mlangoni kwa pupa hata kimoja kikapinduka. Alimshukuru jirani aliyebaki na mama, akautupa kitini mkoba alimomtia chui, akaingia jikoni kuosha mchele. Alisikia kitu kikichanika.

"Paka wa nani huyu?" mama aliuliza.

Mkoba ulikuwa umepasuka katikati. Mbele ya mama alisimama chui mkubwa kama kochi, manyoya yake meupe yakichakacha kama gazeti, ute ukimdondoka. Pui-han alimwekea bakuli la mafuta ya karanga, chui akalinusa na kupiga chafya. Akamwekea tofu ya soya, chui akageuza uso. Kisha chui alikiingiza kifundo cha mguu wa mama kati ya meno yake, taratibu, bila kuuma bado. Mama alikuwa akimpapasa masikio. Katika jokofu hapakuwa na hata unyuzi wa nyama. Pui-han mwenyewe alilisafisha jana, kwa sababu ya nadhiri.

Kengele ya mlango ililia.

Nyuma ya vyuma vya lango alisimama Lai-kuen, akichechemea, midomo imevimba, shavuni ana alama nyekundu ya maua. Harufu ya nyama ya nguruwe ya kuoka ilikuwa imeshaingia kabla yake.

"Fungua," alisema kwa taabu. "Najua leo huli nyama. Nimemletea mama, sikukuletea wewe."

Chui aliuachia mguu wa mama. Alimwangalia Lai-kuen, akainama kama anayejiandaa kuruka. Pui-han alielewa. Angefungua lango na kukaa kando tu, basi. Jumatatu isingefika. Na alilitaka hilo, alilitaka kwa moyo wote.

"Kuen!" mama aliita kwa furaha. "Umekuja, mwanangu! Huyu paka ana njaa."

Kwa miezi mingi mama hakuwahi kulitamka jina la Pui-han. La wifi alilikumbuka. Lilimchoma Pui-han mpaka machozi yakamtoka. Alifungua lango, akampokonya wifi yake mfuko, akachana nyama kwa kucha na kuyasukuma mafuta yake katika kinywa cha chui, mkono ukazama hadi kiwiko. Chui alilamba. Alilamba meno, akalamba vidole vya Pui-han, kisha akasinyaa, akaanguka sakafuni karatasi tupu yenye doa la mafuta. Pui-han alimchomea kwenye sinki.

Aliporudi, Lai-kuen alikuwa bado ameegemea ukuta, pumzi juu juu. Alikuwa akikitazama kile kiatu kilichopinduka mlangoni. Alilipapasa shavu lake, ua kwa ua.

"Ni wewe."

"Ni mimi," Pui-han alijibu. "Na ningekupiga tena."

Lai-kuen hakuondoka. Alivuta kiti mezani, akampakulia mama wali, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo kama mtu aliyewahi kufanya hivyo mara nyingi. Kisha akachagua kipande kinene kuliko vyote, chenye ngozi ya kukaanga na mafuta yanayong'aa, akakiweka katika bakuli la Pui-han.

"Leo mwezi mwandamo," Pui-han alisema.

"Najua."

"Na Jumatatu?"

"Kula kwanza, wifi."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuna, akauliza mgeni ni nani kati yao. Pui-han alishika vijiti vyake vya kulia, akakinyanyua kile kipande kinene.