Nafasi ya Wasio na Jina

Kompyuta ya wodi ya watoto wachanga ilikuwa kuukuu, plastiki yake imegeuka rangi ya meno ya mvutaji. Programu mpya ya kusoma vitanda vya joto, na kupiga kengele mtoto akipoa, ilikuwa imeandikwa kwa mashine za kisasa. Kuihamishia kwenye hii kulinishinda siku tisa. Ya kumi nikaishinda mimi.

Tatizo lilikuwa dogo kulitamka. Mtoto akisajiliwa, programu huomba nafasi kwenye kumbukumbu kwa kadiri ya urefu wa jina lake. Hupewa anwani ya nafasi hiyo, na tangu hapo humtambua mtoto kwa anwani hiyo. Mashine mpya, hata ukiiomba nafasi ya herufi sifuri, hukupa anwani mpya. Hii ya zamani hujibu: hakuna. Programu ikisikia hivyo hudhani kumbukumbu imejaa, inakata roho, na kengele zote zinakufa nayo.

Nikaweka kiraka. Yeyote atakayeomba sifuri, apewe nafasi ile ile moja niliyoitenga pembeni. Sikumuuliza mtu ni nani anaweza kusajiliwa bila jina. Nilidhani ni makosa ya vidole tu. Sista Mkuu, ambaye ulimi wake haulali, alinitania kwamba kompyuta yangu inakohoa kuliko marehemu babu yake. Nikamwambia nimeshaipa mapafu mapya, nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha dada yangu akajifungua kabla ya wakati, msichana wa kilo moja na robo. Akawekwa kitanda cha tatu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilienda kumwona. Mlangoni shemeji yangu na mama yake walikuwa wanavutana kuhusu jina la mtoto, kila mmoja na la kwake, wakataka niwe mwamuzi. Nikawaponyoka. Ndani niliangalia skrini kabla ya mtoto, ndivyo nilivyo.

Kitanda cha tatu: nyuzi 36.8. Cha sita: 36.8. Nikiwa natazama, cha tatu kikapanda hadi 36.9, na cha sita kikapanda nacho, papo hapo. Mstari wa jina ulikuwa mtupu kwa wote wawili.

Nikamuuliza Sista kwa nini hawakuandika majina.

"Mtoto hajapewa jina, niandike nini? Nimtungie mimi?" akasema. "Huwa tunaacha wazi mpaka wazazi waseme. Miaka yote."

Anwani moja, watoto wawili. Kwa programu walikuwa mtoto mmoja. Vipimo huingia kwa mpangilio wa namba, kwa hiyo cha sita kilikuwa kinakifuta cha tatu kila mzunguko kabla kengele haijakikagua. Wa kitanda cha sita alikuwa amelazwa jana yake jioni. Tangu hapo mashine haikuwa imemwona mpwa wangu hata mara moja.

"Sista, mguse wa tatu," nikasema. "Kwa mkono."

Alitaka kutania, akaniona uso, akaacha. Akafungua kitanda, akaweka kiganja tumboni mwa mtoto. Kisha akakipeleka chini, kwenye godoro lililopoa, akakiacha hapo. Hakupaza sauti. Alimtuma muuguzi amwite daktari, akamwita dada yangu, akamfungua vifungo vya gauni na kumlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu. Mtoto hakulia. Nyayo zake zilikuwa za rangi ya wino.

Kwenye skrini, kitanda kile kitupu kilisoma 36.9.

Daktari alisikiliza kifua muda mrefu. Alisema moyo unapiga, ila polepole mno, na kwamba hatatuahidi kitu. Shemeji na mama yake wakaingia. Sista akawaeleza ni nani aliyesema mtoto aguswe, na dada akanishika mkono, akaubana.

"Kaka yangu," akasema. "Bila wewe ningekuwa naambiwa nini saa hizi?"

Sista alikuwa ananitazama. Akaniuliza, taratibu, niliona nini kwenye skrini ambacho wao hawakukiona.

Nikaanza kuwaeleza kiraka changu. Kabla sijamaliza, vidole vya dada vililegea mkononi mwangu.