Oili Iliyoungua Bila Safari

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Kamal, fundi wetu wa Rayners Lane, hapa London. Ni Mhindi aliyezaliwa Mwanza, Kiswahili chake kitamu, na mimi mtu mwenye maneno matamu simwamini akishika spana. Mwezi mmoja tu baada ya yeye kubadilisha oili ya usukani ya pikapu yetu, usukani ulianza tena kuguna na kuwa mzito kila nilipokata kona. Jumamosi moja nilikuwa nimebeba masufuria ya pilau ya harusi, nusura niipandishe pikapu kwenye kituo cha basi.

Nilifunga safari kutoka Stratford mpaka gereji kwake, damu inanichemka.

"Ulinitilia oili gani?" nilimwuliza hata kabla ya salamu.

Kamal alifungua boneti, akatoa kifuniko cha tangi dogo la oili, akanionyesha maandishi yaliyo juu yake. "Soma mwenyewe, dada. Gari linataka aina hii, nyekundu. Sikuchanganya na nyingine, na chupa niliifungua mbele yako." Akachovya karatasi nyeupe. Ilitoka nyeusi, inanuka kama mafuta ya maandazi yaliyokaangiwa wiki nzima. "Imeungua. Na imepungua, maana presha inaisukuma nje kwenye mpira. Mtu anakata usukani mpaka mwisho huku gari limesimama, pampu inateseka. Nani anaendesha?"

"Mimi peke yangu. Jumamosi tu."

"Basi si wewe peke yako," alisema, akafuta mikono.

Nilirudi njia nzima nikimchukia. Nilisema moyoni, huyu ameona ameshikwa pabaya, sasa anataka kunigombanisha na mume wangu. Maana nyumbani tuko wawili tu. Binti yetu Lilian yuko chuoni Leeds. Na mume wangu Lusajo haruhusiwi kuendesha. Tangu azimike ghafla jikoni mwezi wa pili, akaanguka bila fahamu, daktari alisema asiguse gari mpaka upite mwaka mzima bila kuzimika tena. Leseni aliirudisha mwenyewe. Akizimika barabarani nampoteza yeye, na pengine mtoto wa mtu anayevuka kwenda shule. Ufunguo wa akiba niliuacha kwenye droo ya jikoni, kwa sababu kumfichia mwanamume ufunguo wa gari lake ni kumtukana.

Lakini neno la Kamal lilikuwa limeshaingia. Nikaanza kukumbuka simu. Mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, natoka saa mbili asubuhi, na Lusajo hunipigia dakika hiyo hiyo kuuliza kama nimetoka. Nyuma ya sauti yake kuna injini inanguruma. Niliwahi kumwuliza, akasema ni gari la takataka. Gari la takataka gani linakuja kila siku ya Mungu? Nilijiona mjinga wa kutupwa.

Jumatatu niliandika maili kwenye karatasi, na kwenye tangi la oili nikachora mstari kwa rangi ya kucha. Alhamisi nilikagua. Maili ni zile zile, hata moja haikuongezeka. Oili imeshuka chini ya mstari. Nikachuchumaa: chini ya matairi ya mbele lami ya kijivu ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa nyeusi. Nikaamua kwamba Lusajo anaendesha, halafu anajua ujanja wa kurudisha maili. Nilimtazama akinywa uji, macho makavu, nikaona nimeolewa na mwongo.

Ijumaa nilimwomba Anne, msimamizi wangu, aniachie mapema. Saa mbili ilipokaribia nilikuwa nimejibanza nyuma ya mapipa ya takataka, kwenye maegesho ya nyumba yetu. Pikapu ilikuwa mahali pake, inanguruma. Lusajo alikuwa kwenye kiti cha dereva, kavaa koti, kafunga mkanda. Simu yangu ikatetemeka.

"Umetoka?"

"Ndiyo natoka," nilidanganya kwa kunong'ona.

"Haya, Mama Lilian. Njoo taratibu."

Akaweka simu. Akatazama kioo cha pembeni, akawasha indiketa, akakata usukani kulia mpaka mwisho. Matairi yakasaga lami, gari halikusogea hata inchi. Akanyoosha. Akakanyaga breki, akangoja, kama aliyesimama kwenye taa. Akakata kushoto. Ile kushoto niliijua. Ni kona ya kanisa, halafu daraja, halafu taa mbili mpaka kazini kwangu. Ndiyo njia aliyopita miaka tisa kuja kunichukua kila asubuhi, kabla hajazimika.

Niligonga kioo. Alikishusha, hakujua mikono aiweke wapi.

"Unafanya nini, Baba Lilian?"

"Nilikuwa nimefika darajani," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nakuja kukuchukua."

Matusi niliyoyapanga ndani ya basi, hakuna hata moja lililotoka. Nilimwonea huruma mpaka ikaniuma, na nilimwogopa pia, kwa sababu mtu anayefika darajani kila asubuhi bila kutoka maegeshoni, iko siku atatoka kweli.

"Zima injini. Nipe ufunguo."

Alinipa. "Hapa nilipo simwui mtu," alisema.

"Unaua pampu. Si ungekuja kwa basi?"

"Mwanamume aende kumchukua mkewe kwa basi?" Akatazama pembeni.

Jumamosi nilipeleka pikapu kwa Kamal, akamwaga oili yote, akasafisha, akajaza mpya. Hakuuliza kitu, nami radhi sikumwomba.

Jumanne saa mbili asubuhi simu haikuita. Nikapapasa mkobani: funguo zote mbili zipo. Nikafikiri, amechonga wa tatu. Nikatoka mbio mpaka geti la kazini, na hapo nikamkuta amesimama, koti limefungwa vifungo vyote kama mtu aliyekuja kuposa.

"Umekujaje?"

Akanyoosha kadi ya basi. Niliipokea, nikaigeuza mbele na nyuma, nikaangaza barabara nzima kama pikapu imefichwa mahali. Haikuwapo.

"Basi linalofuata linakuja baada ya dakika nne," alisema. Akaupokea mkoba wangu, na funguo za pikapu ndani, akautundika begani kwake. Nikamwachia.