Kipimo cha Avatara

Kamati ya hekalu ilipotangaza kuwa yule mgeni ni avatara, yaani Vishnu mwenyewe kashuka tena kwa mwili wa mtu, mimi sikuulizwa. Fundi cherehani anaulizwa nini? Niliitwa tu nikamshonee joho.

Nilienda shingo upande. Mke wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kamati hiyohiyo ilimpeleka kwa huyohuyo, akaambiwa aache sindano, mwenye imani hachomwi. Akaacha. Sasa mimi ni mgane, chai najichemshia mwenyewe, na wakubwa wananiambia imani ya marehemu ilikuwa na nyufa. Kilichonipeleka ni shemeji, mdogo wake. Naye ana sukari, naye alikuwa anakwenda kubarikiwa siku ileile. Nikasema ngoja nimwone huyu mtu kwa karibu kabla hajanimalizia ukoo.

Chumba cha nyuma kilikuwa na zulia jipya na feni. Mwenyekiti, tunayemwita Kipaza kwa sababu hana sauti ndogo, alisimama mlangoni.

"Pima haraka, fundi. Na usimguseguse."

"Nitapimaje bila kugusa, mwenyekiti? Kwa macho?"

Yule avatara, Bwana kama wanavyomwita, akacheka. Kicheko kizuri, siwezi kudanganya.

"Kwani mmejuaje kuwa ndiye?" nikauliza, tepu ikiwa begani kwake. "Rama tunamjua, Krishna tunamjua. Huyu kapimwa na nani?"

"Kuna ishara," akasema Kipaza. "Mwili wa avatara haushikwi na ugonjwa. Umewahi kumsikia hata akikohoa?"

Nikafika kiunoni. Nikapandisha shati ili tepu ikae sawa, na mikono ikaganda. Kulia na kushoto kwa kitovu kulikuwa na alama ndogondogo, nyingine nyekundu za leo, nyingine zimeshageuka rangi ya wino. Mimi ndiye niliyekuwa namchoma mke wangu, asubuhi na jioni. Ngozi ile naijua.

"Unajichoma sindano za sukari," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

Kweli, nilitamani akatae. Hakukataa.

Kipaza akaziba mlango kwa mgongo. "Punguza sauti! Hata Krishna alichomwa mshale mguuni akafa. Mungu akivaa mwili, anavaa na maumivu yake."

"Si umesema sasa hivi haugui?"

"Hayo ni ya watu wa nje. Sisi tunaoelewa tunajua."

Tunajua. Yaani walijua! Walikaa kitandani pa mke wangu wakimwimbia, na wanajua.

Nikamgeukia Bwana. "Mbona mke wangu ulimkataza?"

Akanitazama kwa upole uleule.

"Mke yupi?"

Rama alipoporwa mkewe alilia msituni, akauliza mpaka miti na ndege kama wamemwona. Sikuyasoma hayo, mama alinisimulia nikiwa mdogo. Huyu, mke wangu kamwondoa duniani, na ananiuliza yupi.

Mlango ukasukumwa, Kipaza akapepesuka. Aliingia shemeji na sahani ya maua. Mimi shati bado nimelishikilia juu, kama nimelogwa. Akalitazama lile tumbo. Kisha polepole akapeleka mkono kwenye tumbo lake mwenyewe, palepale kando ya kitovu.

"Shemeji," akaniambia, "mimi zangu nimezitupa. Walisema nitupe zote."

"Binti yangu, hayo unayoyaona..." Kipaza akaanza.

"Wewe mzee, nyamaza."

Midomo ilikuwa imemkauka, kila neno analimezea mate, kama dada yake siku zile. Sahani ikamponyoka, maua yakatapakaa kwenye zulia jipya. Nikamshika mkono, tukatoka bila viatu kuelekea zahanati, yeye ananiegemea.

Nyuma yetu Kipaza alikuwa anaita, sauti yote nje:

"Fundi! Fundi we! Na kipimo cha kiuno?"